Fahali Aliyekufa Mara Mbili

Hayes, Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2025

Mwanangu,

Naanza na tarehe kwa sababu nilifundishwa hivyo darasa la saba, na nimekuwa mwanafunzi mtiifu tangu siku hiyo. Mwalimu wetu alisema anayeandika barua anaweka tarehe ili asije kesho akakana alichosema jana. Basi tarehe ni hiyo hapo juu, na chini yake naapa kwamba leo nitakuambia yote, hata yale niliyokuambia vingine.

Mambo ya koti, ya dawa za mafua na ya kupiga simu ukifika nimeyaandika kwenye karatasi nyingine. Iko ndani ya kiatu chako cha kushoto. Sitayarudia hapa. Wewe uko Stratford unawaaga rafiki zako, baba yako amelala mapema kwa sababu basi lake linatoka gereji alfajiri, na sanduku lako limesimama karibu na mlango. Kila nikiinua macho naliona, na kwa nukta moja nadhani ni mtu.

Jumapili iliyopita ulitueleza kazi unayoiendea Texas. Ulisema kule wanapanda mafahali, na mpandaji akikaa mgongoni sekunde nane bila kuanguka, ameshinda.

“Sekunde nane?” baba yako akauliza, tonge likiwa mkononi. “Na analipwa? Mimi nakaa juu ya basi saa nane, na bado abiria wananitukana.”

Ulicheka ukasema wewe hutampanda yeyote, wewe kazi yako ni daftari. Ranchi ile inataka daktari wa mifugo aandike umri wa kila fahali na jinsi alivyokufa: nani alivunjika mguu uwanjani akachomwa sindano, nani alichoka akapelekwa machinjioni, nani aliachwa malishoni azeeke. Ulisema wanaanza kufundishwa kuruka wakiwa na miaka miwili, wanakuwa moto wakiwa na mitano mpaka minane, na wakishapoa, wengi hawajulikani walikoishia.

“Ndiyo maana nakwenda, Mama. Hakuna anayeandika.”

Kisha ukasema lile jambo lililonifanya niinuke nikaoshe sufuria iliyokuwa safi. Ulisema fahali wao mashuhuri alishakufa, lakini walikata kipande cha sikio lake, na kutokana na kipande hicho wakapata wengine, watatu, wenye rangi ileile na pembe zilezile. Wageni wakifika wanaonyeshwa na kuambiwa, ndiye huyu.

“Ni yeye au si yeye?” baba yako akauliza.

“Ni yeye na si yeye,” ukajibu, huku unatafuna.

Ukaniuliza mbona nimenyamaza. Nikasema maji yananichoma.

Mwanangu, hiyo kazi yako niliifanya nikiwa na miaka kumi na mitatu, na niliiharibu.

Kwetu Isukha fahali hapandwi. Anapiganishwa na fahali mwenzake asubuhi na mapema, umande ukiwa bado haujakauka, na kijiji kizima kinamsindikiza kwa ngoma za isukuti na matusi kwa watu wa upande wa pili. Halimi. Anakaa peke yake kwenye kibanda chake, analetewa majani ya nepia na molasi kama mgeni wa heshima. Akikimbia mara moja anasamehewa. Akikimbia mara ya pili anapelekwa kwa mchinjaji siku hiyohiyo, na mwenyewe haigusi nyama yake. Ukiniuliza wanaishi miaka mingapi, nitakujibu kwamba sikumwona hata mmoja aliyekufa kwa uzee.

Wa babu yako aliitwa Kombora. Alikuwa mweusi kote, hana hata unywele mmoja mweupe. Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, babu yako alininunulia daftari la kurasa tisini na sita, nikawa naandika kila alichokula Kombora, kila aliyepigana naye, na nani alikimbia. Watu wakibishana sokoni, walikuja nyumbani. “Muulizeni yule mtoto wa daftari,” walisema. Nilijivuna sana. Nilikuwa mtoto ambaye neno lake lilimaliza ubishi wa wazee.

Dada yangu Muhonja alinizidi miaka minne. Aliacha shule darasa la nne, na kusoma kulimchosha, lakini alikuwa na mkono ambao wanyama waliutambua. Kombora, ambaye wanaume walimkaribia na fimbo mbili, alikuwa akimwona Muhonja ananyoosha shingo na kuinua kidevu, naye anamkuna paji la uso, kisha chini ya taya, mpaka jicho la fahali linalegea. Nimekuambia siku zote kwamba dada yangu huyo, ambaye una jina lake, alikufa kwa malaria. Si kweli. Sasa nakuambia alivyokufa.

Jumamosi moja Kombora alishinda, tukarudi nyumbani tukiimba. Hakuna aliyeona tundu la pembe nyuma ya mguu wake wa mbele, kwa sababu lilikuwa dogo na manyoya yalilifunika. Siku ya tano asubuhi nilimpelekea nepia, nikamkuta amesimama kati ya ukuta na nguzo, macho nusu wazi. Niliweka majani mbele yake, nikaandika, “Amepumzika.” Mchana nilirudi. Majani yalikuwa vilevile, naye alikuwa vilevile, na nzi walikuwa wanatembea juu ya jicho lake bila yeye kupepesa. Alikuwa amekufa akiwa amesimama, kibanda kikamshikilia. Sijui nilimlisha maiti kwa saa ngapi. Ninachojua ni kwamba nilipomwita kwa jina lake mchana ule, sikio lake moja lilicheza. Nimejiambia ulikuwa upepo. Kibanda kile hakikuwa na dirisha.

Wiki ileile alikuwa amefariki mzee mkubwa wa ukoo jirani. Mzee wa namna hiyo kwetu anaagwa kwa shilembe: mafahali wanaletwa kaburini, wanapiganishwa, wanaukanyaga udongo mpya, ndipo anakubali kwenda. Babu yako alikuwa ameshaahidi mbele ya wazee kwamba Kombora atakuwepo. Ahadi ya kumpa marehemu fahali haivunjwi. Ukiivunja, wanasema, atakuja mwenyewe kuchukua.

Babu yako hakulia wala hakumwambia mtu. Alichimba shimo nyuma ya migomba, akatangaza kwamba ni choo kipya. Jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo, alisimama kwenye ua akachungulia.

“Wee Mzee! Choo kirefu hivyo? Kwani nyinyi mnakula nini ambacho sisi hatuli?”

“Tunakula dharau zako, mama watoto,” akamjibu, na akacheka kweli, jasho likimtiririka mpaka kwenye meno.

Kesho yake alivuka mto Yala kwenda kwa mjomba wake, akarudi na fahali wa miaka minne. Alikuwa ndugu wa Kombora, tumbo moja, mwili uleule, na pembe zimejikunja vilevile. Tofauti ilikuwa baka jeupe katikati ya paji, kubwa kama kiganja. Babu yako alikwangua masizi ya sufuria, akayachanganya na samli, akalipaka lile baka mpaka likapotea. Fahali alifungwa kamba nne wakati wa kupakwa, kwa sababu alikuwa hajawahi kuguswa usoni na mtu.

Kisha babu yako akaniita.

“Andika.”

“Niandike nini, Baba?”

“Andika amepona.”

“Lakini Baba, huyu si...”

“Nimekuuliza ni nani? Andika amepona. Na uandike vizuri.”

Nikaandika vizuri. Mpaka leo naweza kukuchorea ile “A” kubwa ya mwanzo, na mkia wake.

Muhonja alikuwa kwa shangazi Mumias wiki hiyo yote. Alirudi Ijumaa saa nne asubuhi, vumbi likiwa miguuni, akaweka kikapu chini kabla hata ya kunywa maji.

“Nasikia ndugu yangu aliumwa.” Ndivyo alivyomwita Kombora.

“Amepona,” nikasema.

“Kweli? Nimemwota vibaya.”

Ningeweza kumwambia. Babu yako alikuwa shambani, tulikuwa wawili tu. Badala yake nilifungua daftari. Aliweka kidole chini ya mstari, akasoma polepole, herufi kwa herufi, midomo ikicheza. Alipomaliza, uso wake ukafunguka.

“Basi, kama ni wewe umeandika,” akasema, akaingia kibandani.

Nilimfuata mpaka mlangoni. Nilitegemea yule fahali atarudi nyuma au atakoroma, na dada yangu aone mwenyewe kwamba si yeye, nami nisiwe nimesema. Lakini alinyoosha shingo. Aliinua kidevu, mwanangu, kama alivyokuwa akifanya mwenzake, na hakuna aliyemfundisha. Tangu afike kwetu hakuwa amemruhusu mtu kumsogelea. Muhonja akamwita Kombora, akamkuna paji la uso.

Mkono wake ukasimama. Akaugeuza, akatazama kiganja. Kilikuwa cheusi. Kisha akageuza kichwa, akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni na daftari.

Nilikuwa na muda wa neno moja. Nimeupima muda ule miaka yote hii, nikiwa naosha vyombo, nikiwa kwenye treni, nikiwa kanisani. Neno “toka” lingeingia humo na nafasi ikabaki. Nilifungua mdomo, nikamwogopa baba yangu, nikaufunga. Fahali akatikisa kichwa mara moja tu, kama anayefukuza nzi.

Wanawake waliokuja kumwosha waliulizana kuhusu kile kiganja. “Masizi haya ya nini? Alikuwa anapika?” Nikasema ndiyo, alikuwa anapika. Nikaomba nikioshe mwenyewe, wakasema jamani mtoto ana mapenzi. Masizi yenye samli hayatoki kwa maji. Yaliingia kwenye mistari ya kiganja, na nilipomaliza mistari ile ilikuwa bado inasomeka.

Fahali alichinjwa jioni ileile, watu wakisema Kombora ameingiwa na wazimu. Babu yako alisimama mlangoni mwa chumba changu, hakuingia.

“Andika,” akasema.

Nikaandika kwamba Kombora amekufa, nikaweka tarehe. Ndivyo daftari lile lilivyo mpaka leo. Ndani yake kuna fahali aliyekufa mara mbili akaandikwa mara moja, na tarehe iliyoandikwa si yake. Dada yangu hayumo. Na yule mzee wa ukoo jirani aliagwa bila fahali kutoka kwetu, na kijijini wakanong'ona kwamba amekwisha kupata cha kumtosha.

Baba yangu aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo, hatukuzungumza jambo hilo hata siku moja. Simhukumu. Nami nilijitetea kwa hoja moja, kwamba nilikuwa mtoto na niliamrishwa. Hoja hiyo ni ya kweli, na haijanisaidia kulala.

Unanilaumu kwamba nachelewa kutoka kazini. Unakumbuka ulivyonisubiri siku ya mahafali yako, nikafika wameshaanza kupiga picha? Kule nyumba ya wazee, zamu ikiisha tunaandika kila mzee ameamkaje. Mwenzangu mmoja, mwanamke wa Mombasa mwenye haraka zake, ananiambia, “Dada, andika wamelala salama twende zetu, basi halitusubiri.” Mimi siwezi. Narudi chumba kwa chumba, naweka mkono juu ya mkono wa kila mmoja, nasubiri nihisi kitu. Wengine wanadhani nawaombea. Naogopa tu kuandika “amepumzika”.

Nimefika kwenye jambo ninaloliogopa kuliko hayo. Ni lako.

Ulipozaliwa ulilia siku tatu. Daktari alikupima, hakuona kitu. Bibi yako akasema kwa simu kwamba mtoto anadai jina, kama ilivyo desturi yetu: watu wazima wanataja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na mtoto akinyamaza, huyo ndiye aliyekuja. Baba yako alikuwa ameshakuita Neema. Alikaa pembeni ya kitanda akacheka, akasema Mungu hahitaji orodha. Nikaweka simu kwenye mto karibu na sikio lako. Bibi yako alianza na upande wa baba yake, akapita kwa shangazi zake, sauti yake ikikatika kwa umbali, nawe unalia tu. Nilijua Muhonja yuko mwishoni, kwa sababu walikuwa wanaogopa kumtaja.

Alipofika kwenye jina hilo, nilikutia ziwa mdomoni.

Ukanyamaza. Upande wa pili wa simu bibi yako akapiga kigelegele huku analia, akasema, “Amerudi. Amerudi nyumbani.” Baba yako akaacha kucheka, hata yeye nywele zilimsimama. Hakuna aliyeuona mkono wangu chini ya shuka. Nilikuwa nimeandika “amepona” kwa mara ya pili.

Kisha, mwanangu, nikaanza kuamini mwandiko wangu mwenyewe. Nilikutazama kila siku nikimtafuta. Uliposhika kijiko kwa mkono wa kushoto, nilisema ni yeye. Ulipomwogopa paka wa jirani nilikasirika, kwa sababu yeye hakuogopa mnyama. Wewe ulidhani nimekasirikia woga wako. Ulipokuwa na miaka minne tulikuwa Southall, tumetoka kununua viungo, nimekushika mkono wa kushoto. Ukasimama katikati ya watu, ukainua ule wa kulia ukanionyesha kiganja. “Mama, mchafu,” ukasema. Hakikuwa na kitu. Nilikiangalia kwenye mwanga, nikakigeuza, hakikuwa na kitu. Lakini niliingia choo cha duka moja nikakisugua kwa sabuni mpaka ukalia na ngozi ikawa nyekundu, na mwenye duka, mama wa Kipunjabi aliyekulia Kisumu, akagonga mlango akiuliza kwa Kiswahili chake kizuri, “Mama, mtoto ameungua?”

Sijui ulichokiona siku ile. Labda ilikuwa bizari. Labda ilikuwa kivuli. Jambo hilo sikuwahi kulieleza na leo silielezi.

Na ukiwa na miaka kumi na minne uliniambia kwa Kiingereza, jikoni, bila hasira, kwamba ninakutazama kama mtu anayesubiri mwingine atokee nyuma yako. Nikakujibu usiniongeleshe hivyo. Nilipaswa kukaa chini. Wiki hiyohiyo ulianza kuwaambia walimu wakuite Neema, nami nikawapigia simu shuleni nikawaambia wafuate cheti. Wewe ulikuwa unajaribu kuishi umri wako, mimi nilikuwa nakuongezea miaka ya marehemu.

Sikuombi usiende. Uliposema kwamba unakwenda kuandika vifo vya mafahali ambavyo hakuna aliyeviandika, kuna kitu ndani yangu kilisimama wima, kitu chenye sare ya shule na soksi nyeupe. Sijawahi kukuonea fahari namna hiyo. Nimekaa wiki nzima nikitafuta la kukuambia kuhusu kazi hiyo, na sina la kukufundisha. Wewe unaandika unachokiona, nilikusikia ukimweleza baba yako tofauti ya kukisia na kupima, na mwandiko wako, Mungu ashukuriwe, ni mbaya.

Nimeandika kwa Kiswahili ingawa najua utasoma polepole. Kwa Kiingereza ningejipendelea. Kama kuna neno litakalokushinda, muulize baba yako. Nitamwamsha nimsomee haya kabla hajaenda kazini, maana naye kwa miaka ishirini na minne ameamini kwamba kichanga kilichagua. Akinikasirikia, itakuwa haki yake. Barua nitaipitisha kwenye mfuko wa mbele wa begi lako dogo la kuingia nalo ndegeni, ule wa zipu, uikute ukiwa angani, mahali ambapo huwezi kuinuka ukaondoka wala mimi siwezi kukuingilia kwa maelezo.

Nimesikia treni. Labda ni yako. Nataka nimalize kabla ufunguo haujaingia mlangoni, kwa sababu nikikuona nitaanza kupunguza.

Jina ulilonalo nilikupa kwa udanganyifu. Pengine hata hivyo ni lako, umelivaa miaka yote hiyo na limekukaa. Pengine limekulemea na ulikuwa unalibeba kwa ajili yangu. Dada yangu sitamtafuta tena kwako. Nimemwandika hapa, na siku yake, ilikuwa Ijumaa, na tarehe ya kweli ya Kombora nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Kilichobaki siwezi kukiamua mimi, wala bibi yako, wala kilio cha mtoto wa siku tatu. Nijibu kwa barua, kwa mkono wako, hata kama ni mstari mmoja: nikikupigia simu Jumapili, nimwite nani?

Mama yako